Kisogo cha Papa Bauma

Mimi si mtu wa kusimama mbele ya watu. Miaka thelathini na tatu nimesimama mbele ya vidonda, mbele ya akina mama wanaojifungua, mbele ya watoto wenye degedege, na sikutetemeka. Lakini mkiniweka mbele ya blouse nyeupe arobaini zilizopigwa pasi namna hii, magoti yananicheka. Basi nitakaa. Kiti hiki kinanitosha. Na wewe wa nyuma kule, hiyo simu iingie mfukoni, la sivyo nitakuchoma sindano ya maji tupu, na mkono wangu bado ni mzito.

Mkurugenzi wa shule yenu ya uuguzi alituma mtu mpaka Bweremana, ninakokaa siku hizi nikiota jua la ziwani na kugombana na kuku wa jirani, eti nije niwaeleze "uzoefu wangu wa kazi". Uzoefu! Mtu akistaafu, hata makosa yake yanapewa jina zuri. Mimi nimekuja na kosa moja tu. Ni neno nililoliandika kwenye fishi, ile karatasi ya mgonjwa, kule Itebero, miaka ya vita. Nimejaribu kuliandaa kwa Kiswahili cha kitabuni. Kikinishinda njiani, mtanivumilia.

Tuanze na swali. Servele iko wapi? Wewe mwenye miwani. Vizuri, umeshika kisogo, ndiyo hapo, ubongo mdogo uliojikunja chini ya ule mkubwa. Na kazi yake? "Kusimama wima na kutembea, Mama." Enhe. Na mimi nilijibu hivyo hivyo kwenye mtihani, wakanipa alama zote. Jibu lako ni zuri, ila umelikata katikati. Nusu iliyobaki mimi nilifundishwa na ng'ombe.

Ng'ombe huyo alikuwa wa Mushaki, ambako nilianza kazi nikiwa msichana. Alimpiga mchungaji mmoja teke la kisogoni alipokuwa ameinama kukamua. Kidonda kilipona haraka, mpaka tukajisifu. Lakini yule bwana akawa anatembea miguu imeachana, kama mtu anayevuka tope, na maneno yake yakawa yanatoka moja moja, kila kipande kwa uzito ule ule, hakuna kinachopanda wala kinachoshuka. Mke wake alikuja analia.

"Docta, bwana yangu iko anasema sawa muntu anahesabu ngombe. Banamuroga!"

Docta wetu aliitwa Paluku, mtu wa Butembo, mfupi, mkavu, mwenye kukohoa kila akitaka kusema jambo la maana. Akakohoa. Akamwambia mchungaji aguse pua yake, kisha aguse kidole cha docta, arudie. Kidole kikawa kinapita pua kinaenda shavuni. Akamwambia ageuze viganja haraka haraka, mgongo na tumbo, mgongo na tumbo. Vikapotezana. Akamwambia aseme pa-ta-ka, pa-ta-ka, bila kupumzika. Akasema mara mbili, ya tatu ikamvurugika. Mwisho akamwambia ataje kila kitu kinachouzwa soko la Mushaki mpaka aambiwe basi. Mtu aliyekua katika soko lile! Akataja viazi, akataja jibini, akasimama. Ungemwona usoni ungejua vitu vingine vyote anaviona, ila vimekataa kujipanga.

Nilimuuliza docta, sasa servele inahusu nini na viazi vya sokoni? Mimi nilisoma kwamba ni ya kutembea.

"Umeshaona bamama wawili banatwanga majani ya sombe mu kinu moja?" akaniuliza. "Muchi moja inapanda, ingine inashuka. Hakuna mwenye anahesabu. Mukono inajua mbele ya macho. Ubongo mukubwa njo iko na maneno. Ile mudogo ya nyuma njo inajua neno gani inapanda saa gani, na ile yenye kufwata iko wapi. Ukiipiga, maneno hapana kupotea. Inagongana."

Akakohoa tena, akaongeza kwamba vitabu vya zamani viliandika nusu, kwamba wenye kusoma bado wanatafuta, na kwamba yeye mwenyewe hajui yote. Nilimpenda kwa hilo. Docta anayesema hajui, mshike mkono msitengane.

Dawa yake ilikuwa kidole. Alikaa pembeni ya mchungaji, akampigapiga begani polepole, pigo moja kipande kimoja cha neno, na kumfundisha avute pumzi kabla ya kila maneno matatu. Kile ambacho servele ilishindwa kupima ndani, kidole kilipima nje. Hakurudi kusema kama zamani. Lakini mke wake aliacha kulia, na mganga aliyekuwa ameshaahidiwa mbuzi hakupata mbuzi wake.

Kwa hiyo nilijua. Liwekeni hilo mahali salama vichwani mwenu, kwa sababu nitalihitaji mbele: nilikuwa nimeshafundishwa.

Itebero nilipelekwa baadaye, wakati vita vimeshaingia msituni. Ninyi mmesikia habari za vita kwa wazazi. Mimi nataka mjue hofu ile ilivyofanya kazi mwilini, kwa sababu hata hofu ni ugonjwa, na muuguzi anautibu akiwa anao. Tulipika kabla jua halijapanda, ili moshi usionekane. Tulilala na viatu. Mbwa walikuwa wameshauawa kijiji kizima, kwa hiyo hakuna aliyekuwa wa kutuambia kwamba mtu anakuja. Tulisikiliza vyura, wakinyamaza ghafla tunasimama. Mimi tumbo lilikuwa linanikatika kila siku saa kumi na moja asubuhi, bila kula kitu kibaya. Nilijipa dawa ya minyoo. Minyoo gani! Ilikuwa hofu.

Nilikuwa na mtoto mmoja, Faida, miaka saba. Baba yake tulimzika kabla ya vita kufika. Aliyenisaidia kumlea ni mama wa bwana yangu, tuliyemwita Koko, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, ambaye alinipenda kwa namna ya kunigombeza. "Wewe infirmière, unajua vidonda ya bantu bote, chumvi ya sombe hapana." Ndiyo salamu zake kwa muuguzi wake.

Na tulikuwa na phonie. Vijana wa simu hamwezi kujua. Ilikuwa redio ya kuongea, kisanduku kama sanduku la nguo, betri ya gari, na waya mrefu uliofungwa juu ya miti miwili. Unabonyeza kitufe unasema, unasema "avu" kumwachia mwenzako nafasi, unaachia kitufe, unasikiliza. Msitu mzima wa Walikale na milima ya Masisi walikuwa kwenye laini moja, na kila mtu alimsikia kila mtu. Mwenye phonie ya Itebero alikuwa Papa Bauma, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyejipenda, shati limechomekwa hata siku ya kukimbia. Sauti yake ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na maringo nayo: "Itebero imeamka! Na ninyi kule, bado munakoroma?" Watu waliokuwa hawajawahi kumwona walimjua.

Kulikuwa na sheria moja, haikuandikwa popote. Watu wenye bunduki walishawahi kuteka phonie ya kijiji fulani, wakaita wakimbizi kutoka porini kwa maneno matamu, "Mukuje, amani imerudi." Walikuja. Tangu siku ile, sauti usiyoijua, unazima. Huulizi, huagi. Unazima na unahama.

Sasa sikilizeni. Siku ya Jumatatu, asubuhi, risasi zikalia upande wa barabara. Kijiji kikatawanyika. Koko alimshika Faida mkono, wakafuata kundi la Mama Kavira, yule mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka la nguo na chumvi, ambaye naye alikuwa na phonie yake ndogo na vijana wa kuibeba. Waliingia kwenye kambi ya zamani ya wawindaji, mwendo wa siku nzima. Mimi nilibaki kituoni, nilikuwa na mama aliyezaa usiku huo na wazee wawili wasioweza kutembea. Nilimpa Faida viazi viwili, nikamwambia amsikilize Koko. Hata sikumkumbatia vizuri, nilikuwa nasikiliza barabara.

Papa Bauma yeye alipanda mtini kushusha waya wa phonie, maana waya ukionekana wanajua pa kutafuta. Tawi likakatika. Alianguka chali, kisogo kikapiga jiwe. Wanaume wawili waliomwokota waliosha kidonda kwa kitu walichokuwa nacho, nacho kilikuwa lotoko, ile pombe kali ya mihogo na mahindi. Walimmwagia chupa nzima, ikateremka mpaka shingoni, mpaka ndani ya shati. Wakamwacha kwenye baraza yangu, wakakimbia. Mke wake, Mama Bauma, alifika baadaye na phonie kichwani, tukaificha chini ya kitanda cha kuzalishia.

Ndiyo hali niliyomkuta nayo. Anayumba akikaa. Macho yanacheza. Ulimi mzito. Na ile harufu. Jamani, baba yangu mzazi alikufa kwa lotoko. Harufu ile ikinifikia puani, mimi hukasirika kabla sijafikiri. Nilisema kwa sauti, "Aka! Risasi zinalia na huyu amekunywa!" Nilimshona kisogo nikiwa nimemkasirikia, nyuzi tano, sikumpa hata neno la pole. Kisha nikachukua fishi, nikaandika: ivre. Mlevi. Nikapiga mstari chini yake. Mstari! Kama vile hakuna mtu atakayeamini bila mstari.

Wenye bunduki walipita siku hiyo hiyo, wakachukua dawa, magodoro, na viatu vya mzee mmoja, wakaenda zao. Hawakuangalia chini ya kitanda cha kuzalishia. Wanaume wengi wana haya na kitanda hicho.

Kesho yake, Jumanne, Mama Bauma alifunga waya, akawasha phonie kwa saa ya kawaida, saa mbili asubuhi. Watu wa Mushaki wakauliza: "Itebero, Bauma iko wapi?" Mama Bauma akaniangalia. Mimi nikabonyeza kitufe. Nikasema, laini nzima ikisikia, "Bauma amelewa. Alianguka mu muti sababu ya pombe. Avu." Wakacheka. Walicheka kutoka Mushaki mpaka ndani ya msitu. Mama Kavira naye alikuwa kwenye laini, nilimsikia akicheka. Na mimi nikacheka kidogo, kwa sababu ilikuwa siku mbili sijacheka.

Mama Bauma hakucheka. Aliniambia polepole, "Infirmière, bwana yangu hapana kunywa tangu atubu." Nikamjibu kwamba wake wote husema hivyo.

Jumatano nilimpelekea Papa Bauma chai. Alinyosha mkono kuchukua kikombe, mkono ukapita kikombe, ukarudi, ukapita tena. Nikanusa. Harufu imekwisha. Siku ya tatu! Mlevi gani analewa mpaka siku ya tatu bila kuongeza? Akafungua mdomo.

"I-n-fi-rmi-ere. Mi-ye. Ha-pa-na. Ku-nywa."

Kila kipande na uzito wake. Mtu anahesabu ng'ombe. Nikamwambia aguse pua, kidole kikaenda shavuni. Nikamwambia ageuze viganja, vikapotezana. Pa-ta-ka, ikavurugika. Nikamwambia ataje vitu vya duka la Mama Kavira; akataja chumvi, akataja sabuni, machozi yakamtoka. Kisogo kile niliposhona, nilikiona kwa macho yangu, nilikigusa kwa mikono yangu, na sikukiuliza kitu.

Nilimwomba msamaha yeye. Ndiyo, nilimwomba, chumbani, mlango umefungwa. Nikaanza kumpigapiga begani kama docta alivyonionyesha. Lakini fishi sikuirekebisha siku ile. Na kwenye phonie sikusema kitu. Nilijiambia kuna mambo makubwa zaidi, kuna vita. Ningesema vipi, laini nzima inasikia, kwamba infirmière wa miaka ishirini na mmoja ya kazi hajui mlevi na mtu aliyepasuka kisogo? Nilijiambia nitasema siku nyingine, Mushaki wakiwa wameshasahau.

Alhamisi, kabla ya saa mbili, mwindaji mmoja alifika kituoni, mguu umekatwa na kisiki, hawezi hatua nyingine. Alikuwa ametembea tangu siku iliyopita. Alisema wenye bunduki wamerudi msituni kwa njia ya juu, wanafuata majivu na nyayo, wanaelekea kambi ya wawindaji. "Leo hii banafika. Mbele ya jua kuzama banafika. Batoke, bapite njia ya muto, ile ya juu hapana."

Kambi ya wawindaji. Faida wangu na Koko. Nilitaka kukimbia mwenyewe, lakini ni mwendo wa siku nzima, na siku nzima hatukuwa nayo. Kilichoweza kufika kwa wakati ni sauti, na sauti waliyoiamini kule ilikuwa moja. Tulimbeba Papa Bauma, tukamweka mbele ya phonie. Mama Bauma akashika kitufe, kwa kuwa kidole cha bwana yake kingekikosa. Mimi nilisimama pembeni.

"Ma-ma. Ka-vi-ra. To-ke-ni. Mu-ka..." akakwama. Neno lililotakiwa kufuata halikuja. Akarudi mwanzo. "Ma-ma. Ka-vi..."

Kelele za hewa. Kisha sauti ya Mama Kavira, kali: "Nani huyu? Bauma hasemake vile. Avu."

"Mi-ye. Ba-u-ma."

"Ao uko mulevi tena, ao uko muntu wa bunduki unajifanya mulevi. Utatoa bantu yangu mu pori? Hapana."

Kulikuwa na nafasi hapo. Pumzi tatu, labda nne. Mama Bauma aliniangalia, na kitufe kilikuwa mkononi mwake, ameninyoshea. Nitarudi kwenye pumzi hizo tatu. Mama Kavira akazima. Kulinda betri, yeye alikuwa anafungua mara mbili tu kwa siku, saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Tulikuwa na saa sita za kungoja.

Wanangu, nimezalisha mapacha bila taa. Nimekata mguu kwa msumeno wa seremala. Sijawahi kuogopa kama saa sita zile. Mwindaji alikuwa akitazama jua, anasema, "Sasa bamefika ku mulima. Sasa bamefika ku mapango." Nikamwambia anyamaze ao nitamshona mdomo. Nilifanya kazi. Nilimpigapiga Papa Bauma begani mpaka kidole kikafa ganzi. Tuliuchukua ujumbe, tukaukata: Toka. Sasa. Njia ya muto. Maneno machache, pumzi kati yake. Aliyasema mara mia. Aliacha kukwama, lakini sauti yake ile ya maringo haikurudi hata nukta moja, na mimi nikajua haitarudi kabla ya saa nane, wala kabla ya mwaka. Sauti ambayo Mama Kavira aliijua ilikuwa imeshakwenda. Kilichobaki ni yale aliyokuwa nayo kichwani. Basi njia ilikuwa moja, na njia hiyo ilipita mdomoni mwangu.

Saa nane, Mama Kavira alipofungua, nilibonyeza kitufe mimi.

"Mama Kavira, hapa ni infirmière wa Itebero. Usizime. Siku ya mbili nilisema Bauma amelewa. Nilisema uongo. Hakukunywa. Alianguka na kisogo, banamumwagia lotoko ku kidonda, njo harufu yenye nilisikia. Imeumia ubongo ya nyuma, ile inapanga maneno. Maneno yote iko ndani, lakini inatoka polepole. Umuulize kintu yenye yeye peke yake anajua. Kisha ungoje. Usizime mbele ya kuhesabu makumi tatu. Avu."

Mushaki walikuwa wanasikia, wote walikuwa wanasikia.

"Wewe njo ulisema ni mulevi."

"Ni miye."

"Na sasa unataka nikuamini?"

"Hapana miye. Umuamini yeye."

Kisha Mama Kavira akauliza: "Bauma. Safari ya mwisho nilienda Butembo, ulinituma nikuletee kintu, ukaniambia muke yako asijue. Ulinituma nini? Avu."

Papa Bauma akafumba macho. Niliweka kidole begani pake, nikaanza kuhesabu moyoni. Tano. Kumi. Aliangalia mke wake. Kumi na tano. Mpaka leo sijui kama iliyomchelewesha ni servele ao ni haya. Ishirini. Nikampiga bega kwa nguvu.

"Ra-ngi," akasema. "Ya. Nywe-le. Nye-u-si."

Mama Bauma alisahau vita. "Kumbe! Miaka yote ile unaniambia eti kwenu hamuotake mvi!"

Na kwenye phonie Mama Kavira alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Njo yeye! Mungu yangu, njo Bauma! Sema, kaka, tunakusikia. Sema polepole."

"To-ka. Sa-sa. Nji-a. Ya. Mu-to."

"Tunatoka." Akazima bila kuaga. Nilitaka kumuuliza Faida yuko karibu, Koko yuko karibu, lakini alikuwa ameshazima.

Walifika kesho yake mchana, kwa njia ya mto, wamelowa mpaka kifuani. Mama Kavira mbele, betri kichwani, maana vijana wake walibeba watoto. Mkononi amemshika Faida. Faida alikuwa amefunga kichwani kitambaa cha Koko, kile cha majani ya kijani, kikamziba mpaka macho. Nilihesabu watu wote wakipita. Nikahesabu tena.

"Alienda ku kijito saa ine ya asubuhi kutoa mihogo mu maji," Mama Kavira aliniambia, hawezi kuniangalia. "Bantu bako na njaa, alikataa mwingine aende. Saa nane nilituma muntu amuite, hakumuona. Ningemungoja, dada, tungekufa bote."

Kambi ilichomwa jioni ile. Wawindaji walimkuta Koko baada ya siku chache, pale pale kijitoni, wakamzika kwa desturi zao, wakaniletea kikapu chake. Sikuwauliza mengi. Mihogo ilikuwa bado ndani.

Papa Bauma aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alitembea na fimbo, akaendelea kusema kwa vipande, na phonie aliirudia. Laini nzima ilijifunza kumngoja. Akianza "I-te-be-ro. I-me-a-mka," hakuna aliyemkatiza. Na nywele aliacha zikawa nyeupe, mke wake alisimamia jambo hilo mwenyewe.

Fishi ni hii, mnaiona. Nimetembea nayo. Neno lile liko hapa na mstari wake. Chini nimeandika: kuanguka, kisogo, servele, anasema polepole, anajua kila kitu. Tarehe ya chini ni siku nne baada ya ya juu. Mgonjwa akiletwa anayumba na ulimi mzito, harufu iacheni iseme mwisho. Gusa kisogo. Mpe pua, mpe viganja, mpe pa-ta-ka, mwambie ataje vitu vya sokoni, na umngoje. Pima sukari kama una cha kupimia, angalia malaria, angalia shingo kama imekaza. Na ukikosea, kosa lile ulilolisema mbele ya watu, lirekebishe mbele ya watu wale wale, siku ile ile. Usiliombee msamaha chumbani.

Nilisema nitarudi kwenye zile pumzi tatu.

Siku walipofika, mwanangu alikaa kwenye baraza, nikamvua nguo zilizolowa. Akaniambia jambo. Akasema ile asubuhi ya Alhamisi wote walikuwa wamezunguka phonie, na Koko amekaa pembeni yake. Papa Bauma aliposema vile vipande vyake, Koko alisema, "Huyu ni Bauma. Iko anaumwa. Tumusikilize." Watu wakamjibu: Koko, mukwe yako yeye mwenyewe alisema ni mulevi, na yeye ni infirmière. Baadaye Koko akachukua kikapu, akaenda kijitoni.

Kisha Faida akaniuliza: "Mama, asubuhi ulikuwa wapi? Kwa nini ulisema muchana?" Nikamwambia aende akale.

Faida, uko pale karibu na dirisha, na blouse yako. Wenzako walikuwa hawajui kwamba ni wewe, sasa wanajua, utanisamehe na hilo. Miaka kumi na mitatu haukuniuliza tena. Nasema sasa, hapa, mbele ya bote, sababu chumbani haitoshake. Asubuhi ile nilikuwa pale. Nilikuwa nimesimama ku phonie, Mama Bauma ananinyoshea kitufe. Nilijua ni nini, docta alinifundisha. Koko alikuwa bado pembeni yako. Nilijua, mutoto wangu, na nikaona haya.